Pugi na Ardhi Tupu ya Dodoma

Mgeni akishuka Dodoma mwezi wa nane, neno lake la kwanza ni vumbi na la pili ni ukavu. Nimewasikia wengi, hasa tangu serikali ilipoanza kuhamia huku kwa kishindo mwaka 2016 na watu wa Dar wakalazimika kuja na makabati yao. Siwalaumu. Mvua ya huku ni ya msimu mmoja. Inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, ikifika Aprili inaaga, na kwa mwaka mzima ni milimita 550 hadi 600 hivi, tena mwaka ukiwa wa kawaida. Baada ya hapo ni jua na upepo mpaka mwaka unakaribia kuisha. Nyasi zinakauka, mbuzi wanamalizia zilizobaki, na kati ya kichaka kimoja na kingine inabaki ardhi wazi. Mtu aliyezoea migomba ya Bukoba anaitazama na kusema hapa hakuna kitu.

Yupo ndege ambaye kwake hapo ndipo penye kitu. Ni pugi, njiwa mdogo, na kati ya pugi namsema yule mwenye mkia mrefu. Utamkuta njiani, kwenye uwanja wa shule, pembeni ya shamba lililovunwa, chini ya mgunga ambako ng'ombe wamelala wakakanyaga kila jani. Anatembea harakaharaka, mgongo umeinama kidogo, kichwa kinachezacheza, anadonoa. Ukimsogelea haruki mapema. Anasubiri hadi umebakiza hatua chache, kisha anachomoka moja kwa moja na chini kwa chini, mabawa yakifunguka unaona rangi ya hudhurungi ambayo hukuidhania, halafu anatua mbele kidogo. Akitua anainua mkia juu na kuushusha polepole. Hilo la mkia ni alama yake, na likishakuingia akilini hutamchanganya tena na ndege mwingine.

Ni mdogo kupita kiasi. Ana gramu 40 hivi, yaani yai la kuku la dukani ni zito kuliko yeye mzima, na urefu wake ni sentimita ishirini na kitu, tena sehemu nzuri ya huo ni mkia. Dume ana uso, koo na kifua cheusi, kana kwamba ametumbukizwa ndani ya wino akatolewa upesi, na mdomo wake ni wa manjano kwenye ncha na mwekundu kwenye shina. Jike hana weusi huo. Usoni ni kijivu na weupe wa vumbi, na mdomo wake hauvutii. Wote wawili wana madoa machache ya buluu iliyoiva kwenye bawa, yanayong'aa jua likiyapiga sawasawa, na mistari miwili ya giza kiunoni. Linnaeus, mwanasayansi wa Sweden aliyeanzisha mtindo wa majina ya kisayansi ya viumbe, alimwandika mwaka 1766 kama Columba capensis, njiwa wa Rasi, kwa sababu ndege aliyeelezwa alitoka Rasi ya Tumaini Jema. Baadaye wataalamu wakaona hafanani na njiwa wengine kiasi cha kukaa nao kundi moja, wakampa jenasi yake mwenyewe, Oena, na humo yuko peke yake hadi leo. Si wa Dodoma tu, wala si wa Rasi tu. Yupo kuanzia Senegali hadi Afrika Kusini akikwepa misitu minene ya Kongo, yupo Madagaska, yupo Bara Arabu, na miongo ya karibuni amesogea hadi Israeli. Mahali pakavu penye vichaka na udongo wazi panamtosha.

Watu wengi wa mjini hawajamwona, ingawa wamepishana naye kila siku. Wanamjua hua, yule mwenye kicheko anayetua kwenye nguzo za umeme na kujenga juu ya mashine ya kupoozea hewa. Wa porini wanamjua pugi mwingine, mwenye madoa ya kijani kwenye bawa, maana huyo anatangaza: anaanza polepole, du, du, kisha milio inashuka na kukimbizana mpaka inakwisha yenyewe. Kusini mwa Afrika wimbo huo watu huusikia kama yatima anayehesabu waliomfia, baba, mama, ndugu. Wetu wa mkia mrefu hana maneno mengi. Dume anatoa sauti moja ya chini, ya kuvuta, anairudia, na kwa jinsi ilivyo laini huwezi kujua inatoka kichaka kipi.

Nirudi kwenye udongo, maana habari yenyewe iko huko. Siku moja chota konzi ya udongo wa juu mahali ambapo pugi wamekuwa wakidonoa, uitawanye kwenye karatasi nyeupe, uwe na subira. Utaona mchanga, vipande vya majani, kichwa cha siafu, kinyesi cha mbuzi kilichosagika. Halafu utaanza kuona mbegu. Punje za nyasi zilizochongoka, nyingine zina nywele. Mbegu za mchicha pori, nyeusi, za mviringo, zinang'aa, kila moja kama milimita moja kwa upana. Gramu moja ya mbegu za mchicha ina mbegu zaidi ya elfu moja. Sasa fikiria ndege anayeishi kwa hizo. Anadonoa mara elfu kadhaa kwa siku, na kila mdonoo ni uamuzi: hii ni mbegu, hii ni jiwe. Mimi nikijaribu kutenganisha kwa kidole nachoka kabla sijajaza kifuniko cha soda.

Hamenyi. Chiriku na shorewanda wanavunja ganda kwa mdomo na kulitema, lakini jamii ya njiwa inameza nzima. Mbegu zinakaa kwenye gole, kile kifuko cha shingoni, zinapitishwa taratibu hadi kwenye firigisi, na humo changarawe alizomeza zinafanya kazi ya kusaga. Kwa hiyo yale mawe anayoyaokota si makosa. Jambo lingine ni kwamba hafukui. Kuku anachakura kwa miguu, kanga anachakura, kwale anachakura. Pugi anachukua kilicho juu tu, au anapekua vumbi kidogo kwa ncha ya mdomo. Miguu yake ni ya kutembelea.

Hilo la kufukua lina uzito kwa wakulima. Huku wengine wanapanda uwele na mtama kavukavu kabla ya mvua ya kwanza, na mbegu isipoota lazima atafutwe wa kulaumiwa. Bibi mmoja tunayepakana naye shamba upande wa Hombolo alinikuta nimechuchumaa natazama pugi wawili kwenye matuta.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba baba. Umepoteza nini?"

Nikamwambia natazama ndege. Akatazama na yeye, akacheka. Nikamuuliza kama hawa ndio wanaokula mbegu.

"Hawa? Hawa wanafukulia nini, miguu yenyewe hiyo. Wanaonifukulia ni kanga. Na kwelea wakija shamba likiwa limebeba, hapo ndipo utaona Bibi anavyokimbia."

Akaondoka, na kwa hukumu hiyo sina cha kuongeza ila maelezo. Kwelea, yule mdogo mwenye mdomo mwekundu, anatua kwenye suke lenyewe, na makundi yake yanahesabiwa kwa mamilioni. Mmoja anakula kama gramu 10 za nafaka kwa siku, nusu ya uzito wake. Pugi anakuja wakati mtama umeshakatwa, umepurwa na kupepetwa, anaokota zilizoanguka na zaidi anaokota mbegu za magugu. Akila mbegu elfu za mchicha pori, ni magugu elfu ambayo mwenye shamba hatayapalilia. Sitaki kumfanya malaika, kwani magugu yana akiba ya mbegu ardhini kuliko ndege wote wa wilaya wanavyoweza kumaliza, lakini kumweka pugi kesi moja na kwelea ni uonevu.

Tena kwelea anamponza. Makundi yakizidi, kinga inayotumika mara nyingi ni kunyunyiza sumu ya fenthioni kutoka angani kwenye vichaka wanakolala, na dawa ile haichagui nani kwelea na nani hua aliyelala tawi la jirani. Mwewe anayeokota mizoga naye hapati salama. Kule Kondoa vipo vijiji vinavyotega kwelea kwa vikapu na kuwafanya kitoweo, na kwa maoni yangu njia ile ilistahili kupewa heshima zaidi ya inayopewa. Haiwezi kumaliza kundi la mamilioni, lakini anayekufa anaingia chunguni.

Sasa kuna jambo lililonigeuza namna ya kuusoma mwaka wa Dodoma. Sisi tunahesabu njaa kuanzia kiangazi kinapokaza, na mvua ikinyesha tunashangilia. Kwa mla mbegu ni kinyume. Nyasi zinapokauka ndipo zinapopukutisha. Kuanzia Mei na Juni ardhi inapokea mbegu za msimu mzima, na kadiri majani yanavyoliwa na kupeperushwa ndivyo mbegu zinavyoonekana kwa urahisi. Agosti hii tunayoilalamikia, yeye ana shibe. Akiba inapungua kidogo kidogo Septemba na Oktoba, ila bado ipo. Halafu mvua ya kwanza inapiga, harufu ya udongo inapanda, sisi tunatoa majembe, na ndani ya siku chache zile mbegu zote zilizokuwa chakula zinaota. Zinakuwa majani. Nchi nzima ni kijani na mla mbegu hana cha kula hadi nyasi za mwanzo zibebe tena. Kwelea wanajulikana kwa safari wanazozifanya wakati huo, wakihama kuifuata mvua ilikotangulia kunyesha, ambako mbegu mpya zimeshakomaa. Pugi naye ni ndege wa kuhamahama. Wiki hii wamejaa njia nzima, mwezi ujao hupati hata mmoja. Kwa hiyo Desemba ukiona kumekuwa kijani kibichi ukadhani kila kiumbe kimefurahi, kuna anayefunga mkanda.

Ila kiangazi kina tatizo moja ambalo halikwepeki: mbegu kavu haina maji. Ndege anayekula wadudu au matunda anapata unyevu humo humo. Pugi lazima anywe. Kwenye lambo ninalopita mara kwa mara, hua wanakuja asubuhi na jioni kwa makundi, wakati pugi nawaona hata saa saba mchana, wawili wawili, jua likiwa limesimama. Wanatua mbali kidogo na ukingo, wanasubiri, kisha wanakimbia hadi kwenye matope. Tazama namna wanavyokunywa. Kuku anachota, anainua kichwa, anaacha maji yateremke, anarudia. Njiwa na jamaa zake wote wanazamisha mdomo na kuvuta mfululizo, kichwa kikiwa chini, mpaka kiu iishe. Sekunde chache tu, kisha yupo hewani. Mahali ambapo nguchiro amejibanza kwenye nyasi na mwewe yuko juu ya mti mkavu, sekunde hizo ni mali.

Maji hayo hayaishii tumboni. Ndege wengi wakizidiwa na joto wanaachama na kuhema, na kuhema ni kazi, kunaongeza joto lingine. Jamii ya njiwa inaweza kupoza mwili kwa kuvukiza maji kupitia ngozi, bila kuhema sana, na kwa gharama ndogo. Utafiti uliofanywa kwa njiwa wa jangwa la Sonora kule Arizona ulionyesha jambo la ajabu: hewa ikiwa ya moto kuliko yai linavyoweza kustahimili, mzazi aliyelalia analipoza. Tumezoea kusema ndege anaatamia ili apashe joto. Kumbe kuna mahali anaatamia ili apoze. Dodoma si Sonora, tuko mita 1,100 na zaidi juu ya usawa wa bahari na usiku wa Julai unatafuta blanketi. Lakini simama kwenye udongo wazi saa nane mchana wa Oktoba ukiwa na kandambili nyembamba, utaelewa ndege anayeishi sentimita tano juu ya udongo huo anakabiliana na nini.

Tago lake ni aibu. Vijiti vichache, vizizi, nyasi, vimepangwa kwenye kichaka cha miiba au kisiki, mara nyingi chini ya kimo cha mtu, wakati mwingine karibu kabisa na ardhi. Ukilitazama kwa chini unaona mwanga. Mayai ni mawili, na hapa pugi anaachana na ukoo wake: njiwa wengi wanataga mayai meupe pee, yake yana rangi ya maziwa yaliyochanganyika na umanjano kidogo. Wazazi wanapokezana kuatamia, dume akishika zamu ya mchana na jike usiku kucha. Kwa wiki mbili hivi makinda yanaanguliwa, na kwa wiki mbili nyingine yanaondoka. Haraka hiyo ndiyo kinga yenyewe. Tago likiliwa na nyoka, wanajenga jingine, maana vijiti kumi vinapatikana popote, na wanaweza kutaga mwezi wowote mradi mbegu zipo.

Makinda hayo yanalishwa maziwa. Sitanii, wala si mzaha wa maziwa ya kuku. Siku za kwanza kinda la njiwa haliwezi kusaga mbegu, na wazazi hawatafuti wadudu kama ndege wengine wafanyavyo. Badala yake ukuta wa ndani wa gole unanenepa na kumeguka kuwa uji mzito wenye protini na mafuta mengi, na mzazi anautapika moja kwa moja mdomoni mwa kinda. Baba anautoa sawa na mama. Kinachochochea kazi hiyo ni homoni ya prolaktini, ile ile inayoleta maziwa kwa mwanamke aliyejifungua. Na mabadiliko ya gole la njiwa ndiyo yaliyowasaidia wanasayansi wa miaka ya 1930 kuitambua na kuipima. Faida yake kwa nchi kavu ni kubwa. Ndege anayelisha makinda kwa viwavi lazima asubiri mvua ilete viwavi. Pugi anaigeuza mbegu ya vumbini kuwa maziwa katikati ya kiangazi.

Kinga yake ya mwisho ni manyoya. Yameshikiliwa kilegevu, hasa ya mgongoni na mkiani. Paka akirukia anabaki na kinywa kilichojaa manyoya na mwenye manyoya ameondoka. Nimewahi kukuta njiani duara la manyoya mepesi ya kijivu, yametawanyika, bila tone la damu. Watoto wa manati nao hawamhangaikii sana. Nyama yake haifiki kijiko, wanamtafuta hua.

Kwa vitabu vya uhifadhi pugi huyu hana wasiwasi. Orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa viumbe, inamweka kwenye kundi lisilo hatarini. Ila Amerika ya tropiki, ambako kuna kundi jingine la njiwa wadogo wa ardhini, jenasi Columbina, wanaoishi maisha yanayofanana sana na ya pugi, mambo hayakuwa sawa kwa wote. Mmoja wao mwenye macho ya buluu, Columbina cyanopis wa Brazili, hakuonekana kwa hakika baada ya 1941 na wengi walishamfuta. Mwaka 2015 mtaalamu wa ndege Rafael Bessa akamsikia na kumkuta karibu na Botumirim, jimbo la Minas Gerais. Waliojulikana kubaki walikuwa wachache mno. Huyo alitegemea nyika ya aina moja tu, na nyika hiyo ikalimwa. Wetu ana bahati ya kutochagua: shamba, njia ya ng'ombe, uwanja wa mpira, vyote anavitumia. Hata Kongwa, ambako Waingereza walifyeka vichaka kwa matingatinga kati ya 1947 na 1951 wakitafuta karanga wasizozipata, ardhi ikaishia kuwa malisho, na kandokando ya uzio wa ranchi pugi wanadonoa bila habari na hasara ya nani.

Kinachompunguza mjini ni unadhifu wetu. Viwanja vya Dodoma vilikuwa vya udongo uliofagiwa asubuhi, taka zikasogezwa pembeni, na pembeni hapo makapi ya mtama na mbegu za magugu zikakusanyika. Pugi alikuwa anafuata ufagio. Sasa kila nyumba mpya inatandika pevingi kutoka geti hadi ukuta wa nyuma, na penye nafasi inapandwa nyasi ya kumwagiliwa, inayokatwa kabla haijabeba mbegu. Panapendeza, sikatai, na vumbi linapungua. Kwa mla mbegu za ardhini ni saruji na zulia. Ukitaka kumkaribisha hauhitaji kununua kitu: acha kona isiyosakafiwa, usiipalilie hadi magugu yapukutishe, weka sahani ya maji isiyo na kina chini, si juu ya nguzo, umfungie paka mchana.

Mwenye nyumba wangu alipopita mwezi uliopita kuulizia kama nitachangia pevingi, nikamwambia mbele atandike mpaka getini, nyuma aache kama kulivyo. Aliniuliza nataka kufuga nini. Nikamwonyesha hesabu ya matofali yatakayopungua, akakubali papo hapo.